Sakafu ya Pikapu

Mguu wa Mama Pacha ulipenya sakafu ya pikapu hadi pajani, gari likiwa bado linatembea. Alipiga ukelele, akashikilia mlango kwa mikono miwili. Kiatu chake kilibaki barabarani huko nyuma.

Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kejeli naye akalipokea jina kama cheo, aliegesha pembeni, akainama kulitazama tundu, kisha akacheka.

"Dogo hilo. Jumamosi nalipiga puti, limekwisha."

"Puti?" Mama Pacha alikuwa anauchomoa mguu, paja limechubuka. "Nusura uniokote vipande vipande, unaniambia puti?"

"Usikuze mambo, mke wangu. Kutu yenyewe ya juu juu tu."

Hakuuliza kama ameumia.

Mama Pacha alizijua Jumamosi za mumewe. Injinia alivaa ovaroli, akatandaza vifaa uani kama daktari anayesubiri mgonjwa, akasokota magazeti, akayashindilia kwenye matundu, akapaka puti juu, akasugua msasa, akamalizia na rangi ya kijani isiyofanana na kijani cha mara iliyopita. Kwa siku chache gari lilipendeza. Mvua ikinyesha, puti ilivimba, ikapasuka, ikadondoka mbele za watu. Hapo alilaumiwa muuza puti. Ikalaumiwa mvua. Injinia mwenyewe hakuwahi kukosea tangu azaliwe.

Zamani mkewe alikuwa akigombana naye. Siku hizi alimtazama tu, kama mtu anavyoitazama chai iliyopoa na kuingia nzi, akaendelea na marobota yake ya mitumba.

Lakini paja lilimuuma usiku kucha, na asubuhi akamwita fundi wa kuchomelea bila kumwomba mtu ruhusa.

Fundi alikuwa mtu mnene, mzito wa maneno. Injinia alimfuata nyuma akizunguka gari, akimwelekeza kama mwenye makumbusho.

"Hapa niliweka puti ya nje ya nchi, fundi. Hapa nilisugua kwa mkono. Unaona ulaini huo?"

Fundi alimpa Mama Pacha bisibisi. "Choma popote, mama."

Akachoma chini ya mlango. Bisibisi ilizama kama kwenye papai bivu. Akachoma karibu na tairi, ikazama. Alipovuta, likatoka gazeti lililolowa, lenye picha ya mchezaji ambaye sasa ana wajukuu.

"Basi! Mnaliua!" Injinia alipiga kelele.

"Lilishakufa," alisema Mama Pacha. "Wewe ulikuwa unalipaka wanja."

Fundi alikohoa ili asicheke. "Shemeji, mimi sichomelei juu ya kutu. Nakata mpaka nikute chuma kizima. Hutaki, nabeba vyangu."

Injinia alimtazama mkewe. Mkewe alimtazama fundi.

"Kata."

Cheche ziliruka. Viti vilitolewa vikawekwa ukutani, sakafu ikabomoka vipande vikavu kama ukoko. Kufikia alasiri pikapu halikuwa na sakafu kabisa, na fundi akaondoka kutafuta bati zito, akisema atarudi kesho.

"Injinia!" jirani aliita juu ya ukuta. "Leo umefungua mgodi?"

Injinia, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alichukua kreti, akampa jirani kisogo.

Mama Pacha alikuwa ameyaandaa maneno yake tangu asubuhi, ameyanoa yakanoleka. Alipotoka nayo uani, akamkuta mumewe ndani ya gari, ameketi juu ya kreti nyuma ya usukani, miguu yake iko chini kwenye udongo.

"Toka humo. Watu wanakuona."

"Wacha wanione." Alikuwa akibandua rangi ya mlango kwa ukucha. "Siku baba aliponipa funguo za gari hili, ndugu wote walikuwepo. Akasema, mikononi mwa huyu halimalizi mwaka. Watu wakacheka. Hata mama alicheka. Sasa nikiona tundu, nakisikia kile kicheko. Naziba haraka."

"Na kuchomelea hujui."

"Sijui."

Neno hilo Mama Pacha hakuwahi kulisikia kinywani mwa mume huyu. Maneno aliyokuja nayo hayakutofautiana sana na yale ya baba mkwe. Akayameza, machungu vilevile. Lakini hakuyameza yote.

"Mguu wangu ulipozama, ulicheka."

"Niliogopa."

"Sikuuliza kama uliogopa. Nimesema ulicheka."

Injinia aliinamisha kichwa. "Nilicheka. Nisamehe." Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Paja linauma?"

"Linauma."

Mama Pacha alisimama pale kidogo, akiwa hajaamua. Kisha akachukua ndoo tupu, akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akaipindua ndoo mahali palipokuwa na kiti, akaketi juu yake. Udongo ulikuwa wa baridi chini ya nyayo zake. Injinia alishika usukani, kwa mazoea tu, akatazama mbele. Mkewe hakucheka. Sisimizi walikuwa wakipita kwa mstari mwembamba, kutoka upande wake kwenda upande wa mumewe, wakizunguka vidole vya miguu.