Hapa Hatoki Mtu

Asubuhi ile mhadhiri alipiga simu kwenye shirika la bima huku mkono wa pili ukimfunga mwanawe kamba za viatu. Simu ikaita kidogo, ikapokelewa na mama yake.

"Habari za asubuhi, shirika la bima, nikusaidie nini?"

Mama yake alifariki mwaka ule mhadhiri alipokuwa anamaliza sekondari. Alianguka palepale kwenye chumba cha simu cha shirika hilohilo, visikizio vikiwa bado kichwani.

"Mama?"

"Nimeshakwambia usinipigie kazini," sauti ikashuka. "Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, unamtaka nani?"

"Meneja wa rasilimali watu."

"Subiri nikuunganishe."

Mhadhiri akasubiri. Mtoto wake, ambaye kwa ukali wa ulimi mtaa mzima ulimwita Kipilipili, aliuliza kwa nini kiatu kimefungwa fundo badala ya kitanzi.  Mhadhiri alikuwa anafikiria kwamba sauti ya marehemu haikuwa na mafua, ilhali mama yake enzi za uhai alikuwa na mafua mwaka mzima.

Kazi ya mhadhiri ilikuwa kuchunguza vipaji: kwa nini mtu hodari hubaki mahali, kwa nini huondoka, na zile tabia za kazini ambazo hakuna aliyezifundisha lakini kila mtu anazijua. Shahada zake zote alizipata masomo ya jioni, nyingine akiwa na mtoto mgongoni. Mkuu wa idara alimwambia bado utafiti mmoja tu wenye uzito, na uprofesa ni wake. Shirika la bima lilikuwa linajisifu magazetini kwamba tangu lianzishwe hajatoka mfanyakazi hata mmoja. Mhadhiri aliposoma, machale yakamcheza. Mahali ambapo hatoki mtu, alijisemea, ama ni peponi ama mlango umefungwa kwa nje.

Meneja alimpokea kwa manukato mengi na mikono miwili.

"Karibu, Daktari. Hapa sisi ni familia."

Mhadhiri akazidi kuingiwa na shaka. Utafiti wake wote ulikuwa umeonyesha kwamba bosi akisema familia, watu wanafanya kazi Jumamosi.

Wakapita ukumbini. Walio hai na marehemu walikaa wamechanganyika, na kuwatofautisha hakukuwa kazi. Marehemu walivaa kola pana za zamani, hawakutoa jasho, na chai waliyowekewa mbele yao haikupungua. Dada mmoja aliye hai alikuwa anasogeza feni.

"Huyu jirani yangu marehemu ni fundi wa mahesabu," alimwambia mhadhiri, "ila upepo hautaki. Tunagombana hapa kama mke na mume."

"Wewe umeanza," akasema marehemu bila kuinua kichwa.

Mhadhiri alikuwa anawajua wafanyakazi hewa, wale majina matupu yanayopokea mshahara bila kuwa na mtu. Hapa aliona mambo yamegeuzwa: watu wapo, wamekaa mstari kwa mstari, majina ndiyo hayapo kwenye orodha ya mishahara.

"Wanalipwa?" aliuliza.

Meneja akacheka mpaka akashika meza. "Daktari nawe! Marehemu atanunua nini?"

Chumba cha simu kilikuwa mwisho wa korido. Mama yake alikaa mbele ya mtambo, mgongo umenyooka, blauzi ileile ya maua. Alimtazama binti yake juu hadi chini.

"Umekonda. Huyo aliyekuvisha pete hakulishi?"

"Ananilisha, mama. Mbona huji nyumbani hata siku moja? Una mjukuu hujamwona."

"Sijaruhusiwa."

Hapo mhadhiri akavuta kiti, mama yake akamweleza. Shirika lile lilikuwa na desturi moja isiyoandikwa popote. Saa ya kutoka ikifika, hakuna aliyenyanyua mkoba. Kila mtu alimngoja mkubwa wake apite amwambie, "Haya, nenda." Aliye hai akisahauliwa alikohoakohoa, akapitapita mbele ya mlango wa bosi, mwisho akaambiwa. Mama yake alianguka juu ya mtambo kabla ya chai ya saa nne, na kabla ya chai hakuna anayeambiwa nenda. Akazikwa Jumamosi. Jumatatu akawahi kazini.

"Si ungetoka tu, mama? Nani atakushika?"

"Nimelelewa, mwanangu," akasema mama yake, akapokea simu.

Mhadhiri alipiga moyo konde. Utafiti akauweka kando. Alitaka mama yake apumzike. Akamwendea msimamizi wa chumba cha simu, mzee mwenye mguu mbovu, naye akamkuta ni marehemu.

"Ningemwambia aende hata leo," alisema yule mzee, "lakini mimi mwenyewe sijaambiwa. Nimruhusu mtu mimi niko kifungoni? Ningeonekana sina adabu."

Mkubwa wake alikuwa ghorofa ya juu, naye alijibu vivyo hivyo, na mkubwa wa mkubwa wake vivyo hivyo. Mhadhiri akapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi kwa mwanzilishi, kibabu kidogo ndani ya sweta nene, marehemu wa siku nyingi kuliko wote.

"Shikamoo babu. Desturi hii ulianzisha wewe?"

"Marahaba. Mlinzi wangu wa kwanza aliondoka na funguo mfukoni bila kuaga, nikalala nje na mvua. Kulipokucha nikasema, kuanzia leo hatoki mtu mpaka aambiwe." Kibabu akajikunyata. "Zilikuwa hasira za siku moja tu, mjukuu wangu."

"Basi waambie waende."

"Nitawaambiaje na mimi bado nipo zamu? Aliye juu yangu ni mwenyekiti wa bodi. Nilipougua alisema atapita. Namngoja."

Mwenyekiti wa bodi alikuwa hai, mzima wa afya. Mhadhiri alirudi chumba cha simu, na mama yake akamtafuta mwenyekiti huyo kwa simu ya nyumbani kwake, akawaunganisha. Nyuma ya sauti ya mwenyekiti palisikika mbwa akibweka na mtu akiosha gari. Mhadhiri akaeleza yote.

"Neno lako moja tu, mzee. Ukisema 'nendeni', linashuka ngazi kwa ngazi, wote wanapumzika."

"Wanakuja kila siku?" aliuliza mwenyekiti.

"Kila siku."

"Wanachelewa?"

"Hawachelewi."

"Na hawalipwi."

"Hawalipwi."

Mwenyekiti alimfukuza mbwa, akarudi kwenye simu. 

"Nashukuru kwa kunifahamisha, Daktari," akasema mwenyekiti kwa upole. "Hili nilikuwa silijui kabisa. Hilo neno naomba kwa sasa tusilitumie. Wewe endelea kuandika."

Akakata. Mhadhiri akageuka. Mama yake alikuwa hajavua visikizio.

"Umesikia?"

"Mtu wa simu husikia yote."

"Sasa?"

"Sasa kuna taa tatu zinawaka, nipishe."

Mhadhiri aliandika. Hakuficha hata punje: marehemu, chai isiyopungua, ngazi, hasira za siku moja, na yule aliye juu anayejua na kunyamaza. Kurasa za mwisho alisema wazi kwamba huu ni uonevu, na dawa yake ni neno moja. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha alimlaza Kipilipili akimwimbia, akiwa na matumaini makubwa kwamba watu wenye akili zao wakisoma wataona haya.

Watu wenye akili zao walisoma hadi katikati. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Mkuu wa idara alimkumbatia mbele ya wageni, na kabla ya mvua kwisha alikuwa profesa mwenye ofisi yenye pazia. Wakuu wa makampuni walianza kumpigia, wote kwa adabu sana, wote wakitaka kujua jambo moja: hiyo desturi mtu anaianzishaje pale ambapo haipo? Akawaambia haifai kuanzishwa. Wakamshukuru, wakaenda kumuuliza meneja wa manukato, ambaye naye siku hizi aliitwa mshauri.

Jumamosi moja profesa akamchukua Kipilipili wakaenda chumba cha simu. Bibi akamtazama mjukuu, akamvuta katikati ya magoti, akaanza kumsuka bila kuomba kitana. Taa ikiwaka, vidole vilisimama hewani, na mtoto alishika msuko wake mwenyewe usifumuke.

"Bibi, mikono yako ya baridi."

"Na kichwa chako hakitulii. Kaa."

Profesa alisimama mlangoni akiwatazama. Alikuwa na cheo sasa, na shirika lilikuwa limempa kitambulisho cha mshauri. Akasafisha koo.

"Mama. Haya, nenda."

Mama yake akainua macho. Vidole havikuacha kusuka.

"Wewe si bosi wangu."

"Mimi ni mwanao."

"Ndiyo maana," akasema mama yake, na taa zote za mtambo zikawaka kwa pamoja.

Walimsubiri amalize hizo simu mpaka mtoto akasinzia. Hazikuisha. Wakaondoka.

Jumatatu Kipilipili aliingia chekechea, upande mmoja wa kichwa umesukwa vizuri mno, upande wa pili nywele zimesimama. Mwalimu wake akamwinamia.

"Nani kakuacha hivi, mama?"

"Bibi. Alipigiwa simu kazini."

"Bibi yako si ni marehemu?"

"Ndiyo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha pa kukaa. Baba wa mwalimu mwenyewe alizikwa mwezi uliopita, na tangu wiki ile mzee huyo alikuwa anagonga mihuri kwenye kampuni ya maji, dirisha la pili kutoka mlangoni.