Pingamizi la Castory

Siku wapimaji walipokuja kupima mashamba, Castory alisimama kwenye mpaka wa shamba la marehemu mama yake. Kamati ya ardhi ya kijiji ikamuuliza, "La nani hili?"

"Langu," akasema.

Neno moja tu. Jirani yake Deogratias, shahidi wa mpaka, alimtazama, akatazama chini, akatia sahihi. Nani angebishana na mjomba? Kwa Waluguru shamba la ukoo hutoka kwa mama likaenda kwa binti, na kaka mtu ndiye mlinzi wake. Sasa mlinzi ndiye aliyesema langu.

Dada yake Bernadeta hakuwepo. Alikuwa Morogoro mjini, hospitalini, anamuuguza bintiye aliyejifungua kwa upasuaji. Kabla ya kushuka mlima alimwambia, "Kaka, wakija, simama badala yangu."

Castory alikuwa na sababu. Alioa mwanamke wa Dakawa, na huku milimani watoto wake hawakuwa na ukoo wa mama wa kuwapa hata tuta moja. Sababu hiyo ilikuwa nzuri akiwa peke yake. Mbele ya watu haikusimama, ndiyo maana hakumwambia mtu.

Orodha ya majina ikabandikwa ukutani kwenye ofisi ya kijiji kwa siku thelathini, mwenye pingamizi ajitokeze. Castory akawa anapita pale kila asubuhi na tenga lake la karoti, anajifanya anapumzika, kumbe anahesabu siku. Siku ya ishirini na nane akamkuta Bernadeta amesimama mbele ya ule ukuta, hata nyumbani hajafika.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mjukuu mzima?"

"Mzima, ana makelele kama wewe. Hebu nisomee shamba letu. Wewe ndiye uliyefika darasa la nne."

Castory akatua tenga. Shamba namba hamsini na moja.

"Bernadeta," akasoma.

"Weka kidole nilione."

Akaweka kidole juu ya jina lake mwenyewe. Bernadeta akalipapasa taratibu, kama anapapasa utosi wa mtoto.

"Mungu akuweke, kaka yangu. Kule hospitali mwanamke mmoja wa kitanda cha jirani, Mwanvita, alinitisha. Eti wanaume wanajiandikisha mashamba ya dada zao. Nikamwambia, hayo ya kwenu huko Mikese! Mimi nina kaka."

Akatoa kwenye kapu kandambili mpya alizomnunulia mjini, akampa.

Asubuhi iliyofuata Castory alikuwa wa kwanza mlangoni kwa mtendaji wa kijiji, dada mmoja kijana anaitwa Irene.

"Nina pingamizi. Namba hamsini na moja."

"Unampinga nani?"

"Castory Thobias."

Irene akaweka kalamu chini. "Si ndiye wewe? Mzee, umelewa?"

"Ningelewa nisingekuja. Sheria inakataza mtu kujipinga?"

"Haikatazi. Nadhani haikumfikiria mtu kama wewe." Alianza kucheka, akamwona uso, akaacha.

Castory akaeleza yote. Ilikuwa kama kuvuliwa nguo barabarani.

"Siku thelathini ziliwekwa kwa mambo kama haya," Irene akasema. "Serikali haimpi dada yako shamba. Haki anayo tayari, kwa mila yenu, na kwa sheria inayomweka mwanamke sawa na mwanamume. Sisi kazi yetu ni kuilinda. Lakini mpakani tuliandika ulichosema wewe."

"Basi andika ninachosema sasa."

"Naandika. Ila yeye mwenyewe aje, aweke dole gumba mbele ya kamati."

"Hamwezi kumwita tu, bila kumwambia?"

"Tumwambie jina lilihama lenyewe?"

Castory akapanda hadi shambani. Bernadeta alikuwa anapalilia maharage kwenye matuta. Castory akasimama palepale mpakani, kandambili mkononi. Alishindwa kuzivaa.

"Jana sikukusomea kweli," akasema. "Pale pameandikwa jina langu. Niliwaambia shamba ni langu."

Jembe likaendelea. Akamaliza tuta zima bila kuinua kichwa.

"Nililolipapasa lilikuwa jina lako?"

"Ndiyo."

"Na nikakuombea kwa Mungu."

"Ndiyo. Nimeshaweka pingamizi, dada. Kesho ndiyo mwisho. Twende ukaweke dole, nitakupeleka mimi."

Bernadeta akakung'uta udongo kwenye jembe.

"Tangulia," akasema. "Nampitia Deogratias kwanza. Nataka mtu wa kunisomea."

Castory akageuka, akaanza kushuka peke yake, pekupeku.