Wimbo Usiovuta Pumzi

Mimi ndiye niliyekuwa mwimbishaji, mwanzishaji wa nyimbo, wa korali yetu hapa Misiera, kambini kwetu wakimbizi, na sitaki mtu anihurumie. Mume wangu Ladislas alikuwa mpiga kinanda. Tulikuwa tukigombana mazoezini mbele ya watu wote, kwa sababu mimi nikivuta pumzi kabla ya mstari, inasikika mpaka nje. Ananiambia, "Godeberthe, unapumua kama ng'ombe wa Ngarama anayepanda mlima!" Korali nzima inacheka. Na mimi namjibu, "Wewe piga kinanda, mambo ya ng'ombe waachie wenyewe." Hivyo ndivyo tulivyopendana.

Akafa kwa ugonjwa wa mapafu, hospitalini Mbarara. Mimi na mama yake, Mukarukundo, tulikaa pembeni ya kitanda mchana kutwa tukisikiliza anavyovuta hewa. Inaingia kwa shida, inatoka. Inaingia, inatoka. Halafu ikatoka, na sisi tukabaki tunangoja iingie.

Sikulia. Wengine wakasema nina moyo mgumu, wengine wakasema mwacheni, atalia tu. Waliongoja wakachoka, wakarudi kwenye mashamba yao. Mimi nilipika, nikapalilia maharage, nikaitikia salamu. Ndani hamna kitu. Yaani kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unakupeleka unakokwenda, lakini si wako.

Kitu kimoja tu ndicho kilichonishinda, kusikia mtu akivuta pumzi. Nilirudi kwenye korali mara moja tu, kukaa na kusikiliza. Cassien, mwalimu wetu, akainua mkono, na wote wakavuta hewa kwa pamoja kabla ya kuimba. Basi. Nikatoka nje, sikurudi tena.

Sasa, kwetu Warundi msiba una mwisho wake. Tunaita kuganduka. Ndugu na majirani wanakusanyika, wanakunywa, wanaongea, na kilio kinafungwa. Kabla ya siku hiyo, nyumba ya msiba haiimbi. Na siku yenyewe, Mukarukundo alikwisha kuamua: mimi ndiye nitakayeanzisha wimbo ambao Ladislas aliutunga mwenyewe.

"Usipouimba wewe, mwanangu hajasindikizwa," alisema. "Nitabaki na kilio changu mpaka kaburini."

Nikamwambia sawa, mama. Ningemwambia nini? Na nilijua kabisa kwamba siwezi.

Siku ilipokaribia nilikwenda Mbarara kununua vitambaa. Karibu na soko kuna duka la telefoni la dada mmoja Mganda, Zaharah, na siku hiyo alikuwa amefungulia muziki. Msichana anaimba mbio mbio, juu sana, kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia. Nikasimama mlangoni. Kuna kitu kilikosekana, na mimi ni mwimbishaji, hakinipiti. Mstari ukaisha, mwingine ukaanza, na mwingine tena, na katikati hamna pumzi hata moja.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Hapana mutu, mama," Zaharah akacheka. "Hiyo iko kompyuta. Watu ya Japani naandika maneno, naandika na noti, kompyuta naimba."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Kabisa! Mimi napenda hii nyimbo mingi sana. Mudogo yangu nasema mimi iko na wazimu."

Akanipa kiti, akaniletea chai. Sikufurahi, nisije nikasema uongo. Ila tangu Ladislas afe, ule ndio ulikuwa wimbo wa kwanza niliousikiliza mpaka mwisho. Nikasikiliza na wa pili. Zaharah akanijazia nyimbo hizo kwenye telefoni yangu, nikarudi nazo Misiera.

Nikawa napalilia nikiwa na nyaya za telefoni masikioni. Mukarukundo akanikuta shambani.

"Wee! Muziki ndani ya msiba?"

"Mama, hakuna anayeimba. Ni mashine."

"Ina mdomo?"

"Haina."

Akafikiri, jembe begani. Akasema kama haina mdomo basi haijavunja mwiko, lakini ole wangu anione nikicheza. Ebu, nani alikuwa na hamu ya kucheza?

Hapo ndipo wazo liliponijia. Kama wimbo unaweza kuimbwa bila mtu, basi na huu wetu uimbwe hivyo, mimi niachwe. Nikarudi kwa Zaharah na maneno ya Ladislas, na kinanda chake nilichowahi kukirekodi kwenye telefoni. Zaharah akakuna kichwa. Programu ya kuimbisha aliyokuwa nayo kwenye kompyuta yake ilijua Kijapani tu. Lakini maneno ya Kirundi yanaishia na a, na i, na u kama ya hao Wajapani, basi akayaingiza kipande kwa kipande. Mahali pengine iliteleza, lakini neno Imana, yaani Mungu, ikalitamka vizuri kuliko mtalii.

Nikampelekea Mukarukundo. "Siku ile tutamfungulia huyu, mama. Mimi koo linaniuma."

Akaweka waya sikioni, akafumba macho. Nikaona uso wake unabadilika.

"Mbona huyu mtoto hapumui?"

"Nimekwambia si mtu."

"Hapumui, Godeberthe!" Akauchomoa waya, akafanya ishara ya msalaba, akachukua rozari yake akaanza kumwombea yule msichana. Asubuhi yake ananiuliza, "Amepata nafuu?" Siku nyingine ningecheka mpaka nianguke. Nikamwambia sijui.

Akaniangalia sana. "Sasa nimejua unakimbia nini," akasema. "Na mimi nilikuwa pale. Na mimi nilingoja iingie. Lakini usiniwekee asiyepumua mbele ya mwanangu."

Siku ya kuganduka watu walijaa chini ya turubai. Vinywaji vikapita, maneno yakasemwa. Cassien akakaa kwenye kinanda cha Ladislas, akanipa sauti ya kuanzia. Nikafungua mdomo. Sikuwa na hewa. Akanipa tena. Watu wakaanza kutazama miguu yao. Telefoni ilikuwa mfukoni, kidole changu kiko juu yake tayari.

Mukarukundo akainuka kwenye kiti chake. Akaja akasimama karibu yangu, akanikamata mkono, akavuta pumzi. Pumzi ya mtu mzee, kubwa, yenye mluzi kifuani. Nilitaka kukimbia. Aliniogopesha, na nilimchukia, nasema kweli. Hakuniachia. Akavuta tena, sikioni kwangu kabisa.

"Imeingia," akasema. "Umesikia? Imeingia."

Nikavuta ya kwangu. Ilisikika mpaka barabarani.

"Ng'ombe wa Ngarama!" Cassien akaropoka, halafu akaziba mdomo, maskini, machozi yamemjaa.

Hapo nikalia. Nililia wazi wazi kama mtoto aliyepotea sokoni, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nikaanza wimbo wa mume wangu hivyo hivyo, sauti imekwaruza, noti ya kwanza nimeikosa. Kila mwisho wa mstari ilibidi nivute hewa, na kila nilipovuta, Mukarukundo aliniminya mkono na kusema polepole: imeingia.