Firenze ya Nyuma ya Nyumba

Kadii hakuwahi kuvuka hata mto Sabaki, lakini bustani za Firenze alikuwa akizijua njia kwa njia. Sinyora Donata, bibi wa Kitaliano aliyemwajiri hapo Malindi, alikuwa na kitabu kinene cha picha za mji wao. Alasiri, joto likimzidi, humwita Kadii upenuni wakakifungua pamoja.

"Tazama, Kadii. Hapa bwawa. Hapa malimau ndani ya mitungi."

Kila njia ilipokata kona palisimama mtu wa jiwe.

"Hawa ni nani, sinyora?"

"Watu ya zamani. Wazee ya mji."

"Na mtu akitaka kumnunua mmoja?"

Sinyora alicheka hata kofia ikamwanguka. "Kununua? Hapana! Mtu akigusa, polisi! Huyu ni kama baba yetu."

Kadii akaliweka neno lile. Shule alikomea darasa la saba, ila kilichoingia sikioni mwake hakikuwa na mlango wa kutokea.

Mwaka huo wa themanini na tatu sinyora alikuwa akijijengea Firenze yake mwenyewe nyuma ya nyumba: michongoma imekatwa ikanyooka kama ukuta, ndimu zimepandwa mitungini, watu wa mawe wanne wamezunguka kidimbwi cha saruji. Jumatatu moja ikaja pikapu na kitu kirefu kilichoviringwa gunia. Musembi, mzee wa Kikamba aliyetunza bustani, akakata kamba.

Kilikuwa kigango, ule mti wa kuchongwa ambao Wagiriama humsimamishia mzee wa chama cha Gohu akishafariki. Kikisimama kimesimama, hata watu wakihama, hakisogezwi.

Kadii alijongea akahesabu pembetatu zilizochorwa mbavuni. Kulia kumi na mbili. Kushoto kumi na moja. Akahesabu tena, maana fundi aliyekichonga kile cha kwao alipewa tembo la mnazi kabla ya kumaliza kazi, na hawe yake, bibi mzaa baba, hakuacha kulicheka kosa lile: "Mzee wangu huyu, hata mbavu zake hazitimii!"

Kumi na moja. Alikuwa ni Menza, babu yake, wa Kakuyuni.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alikwenda kwao. Alikuta shimo. Hawe alikuwa ameketi kando yake na kibuyu cha mnazi mapajani, hajui amwage wapi. Tangu afiwe hajapitisha mwezi bila kummwagia mumewe na kumpa habari za nyumbani.

"Nimwambie nani sasa kwamba mbuzi amezaa?" akauliza.

Baba yake mdogo, Gona, alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. "Vijana wanaviuza vigango siku hizi. Tutafanyaje? Tena mambo ya Gohu si ya wanawake, Kadii."

"Basi ya wanaume yako wapi, baba mdogo? Mimi naona shimo."

Akamgeukia hawe. "Nipe hicho kibuyu. Nitamleta."

Aliporudi kazini alimkuta Musembi anachanganya saruji ya kuwakaza watu wa mawe na kigango.

"Mzee, hao wa mawe watie saruji. Huyu mtie mchanga mtupu."

"Utanifukuzisha, binti."

"Atafukuzwa mtu, lakini si wewe."

Musembi akasonya, akatupa sepetu, kisha akachota mchanga.

Kadii akangoja. Siku kumi na tatu alimwagilia maua, akapiga pasi, akapita mbele ya babu yake asubuhi na jioni akimwamkia kimoyomoyo. Jumamosi wakaja wageni kutoka Ulaya, na baada ya chai sinyora akawatembeza: michongoma, kidimbwi, ndimu. Walipofika penye kigango, Kadii alikuwa amesimama pale na kibuyu.

Alipiga magoti akamwaga. "Tsawe, babu yangu, shikamoo. Mbuzi amezaa pacha. Hawe anakungoja."

Kamera zikalia. Sinyora akapiga makofi kwa furaha, akidhani ni onyesho. Kadii akainuka, akawakabili wageni.

"Huyu anaitwa Menza wa Jefwa. Ni babu yangu. Ameibwa Kakuyuni, na mkewe yu hai." Akamtazama sinyora. "Tafsiri."

Sinyora akatabasamu kidogo tu, akairekebisha kofia yake.

"Tafsiri, sinyora. Mbona wale wa mawe umewaeleza wote?"

Mgeni mmoja akashusha kamera yake taratibu.

"Kadii, ingia jikoni."

"Siingii."

"Mimi nimenunua! Dukani!"

"Nani aliyeuza? Mimi sikuuza. Hawe hakuuza."

"Naita polisi!"

"Waite. Nitawaambia ulivyonifundisha mwenyewe: mtu akigusa, polisi. Wakuulize wewe nani aliyegusa."

Sinyora akawageukia wageni. Uso ulikuwa umemwiva. Kadii akakikumbatia kigango, akakitikisa mara mbili. Mchanga ukaachia. Musembi, aliyekuwa akikata majani, alianza kukata pale pale alipokwisha kukata.

"Ukitoka na hiyo, hakuna kazi hapa tena!"

"Funguo ziko juu ya meza ya jikoni tangu asubuhi."

Akavua aproni nyeupe ya sinyora, akaisokota ikawa kata, akaiweka kichwani. "Mzee Musembi, nitwike."

Mzee akatazama huku, akatazama kule, akaja akamtwika.

Kadii akapita kati ya michongoma iliyonyooka, akatoka kwa lango la mbele, jua likiwaka. Njiani watu walisimama. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni akashindwa kujizuia.

"We binti! Umembeba nani huyo?"

"Babu. Alikuwa Firenze."

"Ndiko wapi huko?"

"Nyuma ya nyumba ya watu," akasema Kadii, wala hakupunguza mwendo.