Mtoto wa Ndani ya Begi

"Shika maiki, lakini usiibusu," Mzee Abdisalam alisema. "Maxwel ameibusu miaka mitatu, ndio maana inakohoa."

Nerima akaishika. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, shingo yake imezungushiwa utepe mweusi mahali ilipowahi kuvunjika. Mgongoni, ndani ya leso, Becky wa miezi tisa alikuwa amelala fofofo, shavu lake limejibandika begani kwa mamake na joto lake la chapati iliyotoka jikoni sasa hivi. Jirani aliyezoea kumshikia mtoto alikuwa kanisani hadi jioni.

Mbele yao, ndani ya ukumbi wa video wa mzee huyo, mtaa mzima wa Kihoto ulikuwa umeketi. Ilikuwa Jumapili ya kwanza baada ya Valentine. Wiki tatu mfululizo watu hawa walikuwa wamekata, wamepanga na kufunga waridi za wapenzi wa nchi wasizozijua, na leo vidole vyao vilivyochomwa na miiba havikutaka kushika kitu ila karanga. Walikuwa wamekuja kucheka.

Mtu wa kuwachekesha alikuwa Maxwel, lakini redio moja ya Nakuru ilikuwa imemchukua Alhamisi. Yeye ndiye aliyekuwa DJ, akiketi kando ya skrini, filamu iwe ya Wachina au ya watu wa wapi, akaisimulia kwa Kiswahili, akawa mwizi na polisi na bibi harusi kwa koo moja. Miaka hiyo yote Nerima alikuwa akifagia ukumbi, akipangusa benchi na kuwasha mashine. Na nyumbani, akifua nguo, alizifanya zile sauti zote, hadi siku moja jirani akagonga kuuliza wageni ni wangapi.

Asubuhi hiyo ndipo alipokusanya moyo akaomba kile kiti cha Maxwel. Abdisalam alimtazama, akamtazama na mtoto.

"Filamu moja," alisema. "Watu wakiamka waende kabla haijaisha, kesho naita wale wa kanisa waje wachukue benchi hizi. Wamezimezea mate tangu Krismasi. Ukumbi bila DJ ni stoo."

Na filamu yenyewe? Maxwel alikuwa ameondoka na zake zote. Kwenye droo ilibaki moja tu ambayo hakuna aliyewahi kuifungua, jalada lake limeandikwa herufi zinazofanana na vibanda vidogo vya mabati. Chini ya picha hakukuwa na hata neno moja la Kiingereza la kumsaidia mtu.

Taa zikazimwa.

Kwenye skrini jiji likawaka. Taa nyekundu na za buluu zilining'inia juu ya mvua, magari yakipishana mithili ya siafu. Msichana wa gauni la manjano akachomoka kwa mlango wa nyuma wa hoteli akikokota begi kubwa jekundu. Nyuma yake alikuja kijana wa nguo za mpishi. Nyuma ya kijana, wanaume watatu wa suti nyeusi, na hawakuwa wamekuja kusalimia.

Maishani mwake Nerima hakuwahi kutembea usiku katika jiji kubwa. Alilolijua yeye ni Nakuru, tena Nakuru ya mchana, alipokwenda kujiandikishia mtihani wa masomo yake ya jioni. Basi akawapa alichokuwa nacho.

"Huyu ni Jepleting," alisema, "na huyu mpishi ni Kimutai. Hapa ni Nakuru, Kenyatta Avenue, saa moja jioni. Hao wa suti bado sijawajua, lakini mama zao hawajawafunza kubisha hodi."

"Ongeza sauti," mtu akasema nyuma.

Wangare naye akadakia. Wangare alikuwa msimamizi katika shamba moja la maua, mwanamke ambaye kikohozi chake kimoja kilitosha kunyamazisha watu arobaini. "Mama Becky, tumekuja sinema ama tumekuja matanga?"

"Siwezi kuongeza," Nerima akajibu. "Mtoto amelala."

Walicheka, lakini wangefanya nini? Filamu ilikuwa imeshika kasi, na vurugu zake zote zikawa zinasimuliwa kwa sauti ya mtu anayekunong'onezea mambo ya jirani. "Gari linapinduka," Nerima alinong'ona. "Limepinduka. Polepole... limepinduka tena." Watu wakainamisha vichwa mbele. Karanga zikaacha kutafunwa, maana mlio wake ulikuwa unafunika maneno. Kufikia pale Kimutai alipopigana na wawili wa suti ndani ya duka la vyombo, ukumbi wote ulikuwa umekaa ncha ya benchi, na sahani zikapasuka mia moja kwa mnong'ono.

"Sasa wameingia stesheni ya Nakuru," alisema Nerima.

Kibii, askari wa geti, akashindwa kuvumilia. "Nakuru gani iko na treni chini ya mchanga?"

"Ya mwaka ujao."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Na kicheko hicho ndicho kilichomwamsha Becky.

Kwenye skrini, Jepleting na Kimutai walikuwa ndani ya lifti. Kimutai alikuwa ndiyo kwanza ameliweka begi sakafuni. Wale watatu wa suti walikuwa lifti hiyo hiyo, wamewapa mgongo, hawajawaona bado. Kimya. Hapo Becky akafungua kinywa karibu na maiki, na kilio chake kikatoka kwa spika mbili kubwa na kujaa ukumbi.

Macho yote yakageukia lile begi jekundu.

"Ngai," Wangare akasema. "Kuna mtoto kwa hiyo begi."

Nerima angeweza kusema kweli. Nafasi ya kuisema ilikuwepo, ndefu ya pumzi moja. Lakini msichana wa manjano aliliangalia lile begi kwa jicho ambalo Nerima alilijua, jicho la mama anayeomba kimoyomoyo, nyamaza kidogo tu, mpenzi, tupite hapa kwanza.

"Eeh," alisema. "Kuna mtoto."

Tangu hapo filamu haikuwa yake tena peke yake. Becky alilia mtaa wa kwanza, akalia wa pili, na ukumbi ukalia naye. "Huyo anasikia njaa," walimwambia Jepleting. "Si mumpe kitu?" Ungedhani watengenezaji wa filamu wamesikia, maana wale wawili wakaingia kichochoro kimoja, chini ya turubai, kwa ajuza mwenye sufuria ya supu. Wakalisukuma begi nyuma ya kiti chake, wakaketi. Ajuza akawapakulia bila kuuliza kitu.

Nerima akamzungusha Becky mbele, akafungua vifungo na kumpa titi chini ya leso. "Wanakula," alisema tu, akaacha. Dakika nzima kilichosikika ni mvua ya jiji lile na, karibu kabisa na maiki, mtoto akimeza.

"Mwacheni anyonye," Wangare akasema taratibu, na haikujulikana anamwambia nani.

Baada ya supu filamu ikapata wazimu. Begi lilirushwa kutoka ghorofa ya tatu. Ukumbi mzima ukasimama. Likaangukia lori la samaki, mtu mnene akalikalia, mbwa akalikokota, likateremka ngazi likidunda moja baada ya nyingine. Kibii alivua kofia. Msichana mmoja akajifunika uso na aproni, akawa anamuuliza mwenzake, "Ameanguka wapi? Ameanguka wapi sasa?" Mlangoni, Mzee Abdisalam alishindwa kuelewa kama watu hawa wamesimama kwa sababu wanataka kwenda au kwa sababu hawawezi.

Becky alikuwa ameshiba, amerudi mgongoni na usingizini. Nerima ndiye aliyekuwa akitokwa jasho. Miaka mitatu ya kufagia ukumbi huu ilikuwa imemfunza jambo moja: begi likikokotwa filamu nzima, lazima mwishoni lifunguliwe. Na aliyelipakia hakumjua Becky.

Kukapambazuka. Wale wa suti walikuwa wamepotelea mbali, wamekwama kwenye msafara wa harusi ya watu. Jepleting na Kimutai waliketi kando ya daraja wakiwa wameloa chepechepe. Jepleting akashika zipu, akaivuta.

Zilikuwa nguo. Mashati ya mwanamume fulani yaliyokunjwa vizuri, kikausha nywele, chupa ya manukato. Halikuwa hata begi lao. Wawili hao walitazamana, kisha wakaanza kucheka hadi wakashikana mbavu.

Ukumbini hakucheka mtu.

"Mtoto ako wapi?" Wangare aliuliza, kwa sauti ile ile ya kuuliza shambani ni nani aliyekata mashina mafupi.

"Tumechezwa," mtu akasema. Nyuma benchi ikalia, mmoja akainuka akitafuta koti lake, wa pili akamfuata. Mkono wa Abdisalam ulikuwa umefika kwenye swichi.

Nerima alifumba macho. Hakufikiria filamu. Alifikiria asubuhi zake mwenyewe, zile za kazi isiyofaa mtoto, na kitu cha kwanza anachofanya kabla ya kwenda: kubisha kwa jirani.

"Wangare," alisema kwenye maiki, "una watoto?"

"Wanne."

"Watu wa suti wakikufukuza mji mzima, utakimbia na mtoto kwa begi?"

"Mimi? Siwezi."

"Kwa nini basi umedhani Jepleting anaweza?" Aliyekuwa anavaa koti alibaki na mkono mmoja ndani. "Tangu watoke kwa yule mathe wa supu, kuna mtu hapa amesikia mtoto akilia?"

Watu wakageukiana. Kibii alitazama dari, akirudi nyuma kichwani tukio kwa tukio.

"Hajalia," akasema. "Hata alipotupwa ghorofani hakulia."

"Na begi walikuwa wameisukuma wapi?"

"Nyuma ya kiti ya mathe," walijibu wengi kwa pamoja.

"Haya. Mtoto alibaki kwa mathe, wao wakaondoka na nguo za watu, ndio wale wa suti wafuate begi, wasirudi kwa supu. Usiku wote wamekuwa wakikimbia ili mtu mmoja alale." Nerima mwenyewe alikuwa analisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza. "Mlimuona Jepleting akitoka na mtoto? Hamkumuona. Hata wale wa suti hawakumuona."

Kicheko cha Wangare kilianzia chini kabisa tumboni, kikapanda kikichukua wengine njiani, na kilipofika juu ukumbi wote ulikuwa ndani yake. Msichana wa aproni alikuwa anampiga mwenzake mgongoni. "Nilikuambia," alisema, ingawa hakuwa amemwambia kitu. Waliosimama wakaketi.

Lakini filamu ilikuwa imefika mwisho. Jepleting na Kimutai waliinuka, wakaliacha begi wazi pale pale, wakaondoka wamewapa watazamaji mgongo. Skrini ikawa nyeusi na majina yakaanza kupanda. Katika ukumbi ule majina yalikuwa hayajawahi kusomwa na mtu. Jina la kwanza likitokea watu hutafuta viatu. Abdisalam akainua tena mkono kwenye swichi.

"Wacha taa, mzee," Wangare akamwambia. "Hawajafika kwa mtoto."

Mkono ukateremka. Abdisalam alitazama huku na huku, kisha akaja akaketi kwenye ncha ya benchi ya mwisho, na Kibii akasogea ukutani kumpa nafasi.

Becky alishusha pumzi shingoni kwa mamake. Majina yalipanda, meupe, mstari kwa mstari, na Nerima akaisogeza maiki.

"Wameteremkia mtaa wa Bondeni," alisema, kwa sauti ya mtu aliye kando ya kitanda. "Maduka bado hayajafunguliwa. Kuna mama anafagia mbele ya posho mill ya unga, wamemsalimia. Kimutai anauliza kama atakuwa ameamka. Jepleting anasema bado, huyo ukimshibisha analala." Akatua kidogo. "Sasa wako barabara kubwa. Kuna lori linakuja, lile refu la kutoka Salgaa. Wamesimama, wanangoja lipite."

Na ukumbi wote ukangoja.