Aliyemwita Bi Mwamvita Panya

Mwaka kiwanda chetu cha mashati pale Chang'ombe kilipouzwa kwa tajiri mpya, tuliletewa msimamizi Mkorea, Bwana Shin. Kiswahili alikuwa akifundishwa na Gibson, afisa utumishi wetu, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa linatuchoma roho.

"Mama, panya! Panya haraka!" Anapita nyuma ya vyerehani akipiga makofi.

Bi Mwamvita, mtu mzima, mwenyeji wa Temeke tangu mababu, ndiye aliyekwenda kuuliza.

"Mwanangu Gibson, huyu mgeni anatuita panya kwa kosa gani?"

Gibson alicheka mpaka akashika meza. "Si mnatafuna tu mali ya watu, Bi Mkubwa? Kazi hamfanyi."

Bi Mwamvita alirudi kwenye cherehani chake. Mie nilikuwa nakaa jirani yake. Siku hiyo alishona ukosi mmoja, akaufumua, akaushona tena. Mwanamke aliyesomesha watoto kwa cherehani, anaitwa panya mbele ya wasichana aliowafundisha kazi mwenyewe!

Tulivumilia kwa miezi. Hata Alhamisi moja Bwana Shin akamsimamia Bi Mwamvita kichwani. "Mama, panya bipungo."

Bi Mwamvita akazima cherehani, akainuka. "Panya huko kwenu! Mie nimezaliwa na watu!"

Vyerehani vikanyamaza kimoja kimoja. Bwana Shin alitutumbulia macho, haelewi kosa lake. Kisha akaketi kwenye kiti cha Bi Mwamvita, akachukua shati na sindano, akaanza kushona kifungo.

"Panya," akasema, akituonyesha mkono wake unavyokwenda. "Panya kaji. Panya bipungo."

Nikaruka. "Jamani, anasema fanya! Fanya kazi, fanya vifungo! Bwana Shin, hebu sema fundi."

"Pundi."

"Sema vizuri."

"Bijuri."

Wenzangu wakaanza kucheka. Bi Mwamvita hakucheka. Alimgeukia Gibson, aliyekuwa amekuja mbio aliposikia kelele.

"Ulijua?"

"Sasa Bi Mkubwa, lugha yao haina F, wanaitamka P. Mie mwenyewe ndiye ninayemfundisha, nitakosaje kujua? Ulikuwa utani tu."

"Utani!" Bupe, mwenzetu wa Tukuyu ambaye Gibson alikuwa akimwigiza lafudhi kila asubuhi kwa kusema "habali sa leo", alibwaga mkasi mezani. "Na mimi pia ni utani wako?"

Nilimshika mkono Bwana Shin, nikampeleka stoo, nikamwonyesha panya aliyenaswa mtegoni. "Huyu ndiye panya." Uso ukamwiva. Alirudi mbio, akainama mpaka kiunoni mbele ya Bi Mwamvita, na sie sote tukitazama.

"Inuka, mwanangu," Bi Mwamvita akamwambia. "Ulimi umezaliwa nao, hauna kosa."

Tuligoma mpaka adhuhuri, tukitaka Gibson aondolewe. Tajiri akasema hilo ni jambo dogo. Gibson akaambiwa atuombe radhi, akaomba huku akitazama dirishani. Kazi yake akabaki nayo.

Kesho yake alipita kwenye mstari wetu. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

Bi Mwamvita aliendelea kupitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Shikamoo!" akarudia, kwa sauti zaidi.

Mpaka nilipoacha kazi pale, sikuwahi kumsikia akimpa marahaba.