Risiti Kumi na Moja za Virginia

Damaris alitarajia risiti tatu za kodi ya ardhi, moja kwa kila mwaka. Zilizomwagika mezani kutoka kwenye bahasha zilikuwa kumi na moja.

Kenneth, Mganda aliyekuwa akijazia watu fomu katika kiofisi kimoja cha Satwa, Dubai, kati ya fundi cherehani na gereji, alizipanga kama karata. "Baraza la kwenu linalipwa kwa kijiko, dada. Mia nane. Mia sita. Hii hapa mia tatu na hamsini."

"Andika jumla tu."

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya Juni, mwaka 2008, na kesho yake Gibson, Mkenya mwenzake wa hotelini, alikuwa anasafiri kwenda Nairobi na fomu za wenzake. Damaris alikuwa na nyumba ya kupangisha Nakuru, aliyoinunua kwa jasho la miaka minne ya kutandika vitanda vya hoteli. Pango liliingia moja kwa moja kwenye akaunti yake. Sasa alitaka mkopo ajenge ya pili, na benki ilitaka kwanza kuona fomu yake ya kodi ya mapato ya miaka mitatu. Kodi ya ardhi anayotozwa na baraza la mji aliruhusiwa kuiondoa kwenye pango kabla ya kukadiriwa. Alikuwa amewaeleza hayo wenzake wa chumbani kule International City kwa sauti ya mtu anayejua mambo: "Mimi nyumba yangu naigharamia kila kitu, na serikali inanitambua."

Kenneth aligeuza risiti moja kuelekea dirishani. "Virginia ni nani?"

"Dada yangu mkubwa. Ndiye anayeniangalizia nyumba."

"Zote zimeandikwa zimepokewa kutoka kwake. Ulikuwa ukimtumia?"

 Damaris alitafuta kichwani siku aliyotuma, akaikosa. Alichokumbuka ni sauti yake mwenyewe kwenye simu: malizana nao dada, tutaongea nikija. Wote Dubai husema hivyo. Paa likivuja, ada ya shule ikidaiwa, malizana nao, tutaongea nikija. Naye alikwenda, mwaka jana, na masanduku mawili ya zawadi, wakaongea usiku na mchana juu ya kila kitu isipokuwa hilo.

"Sikiliza, nyabo," Kenneth alisema kwa upole, akimwita bibi kwa heshima ya Kiganda. "Wale wa kodi watatazama namba ya ploti. Jina la mlipaji hakuna atakayelisoma. Mimi naandika, wewe unatia sahihi kwamba gharama hizi umezilipa wewe, khalas, imekwisha."

Hakusema kwa kuumiza. Lakini uso ulimwaka Damaris kama aliyefumaniwa. Akatoka nje na simu, akasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

Virginia alipokea huku mashine yake ya kufuma sweta ikikereza nyuma. "Zimefika?"

"Zimefika. Dada, mbona nyingi hivi?"

"Nililipa nilivyopata. Karani amenizoea. Akiniona tu mlangoni anasema, mama sweta huyo, leo ana mia ngapi."

"Na mbona hukuniambia?"

Mashine ilinyamaza. "Ulisema tutaongea ukija. Ukaja."

Damaris alitazama viatu vyake. "Ungewaacha wanidai mimi. Nyumba ni yangu."

"Wakudai wapi, huko hotelini? Dama, wanabandika majina ubaoni. Mtu akienda kulipia kibanda cha viazi anasimama kusoma nani hajalipa. Na jina lako la mwisho ni la baba."

"Jumla ni ngapi?"

"Si risiti unazo wewe? Jumlisha." Kisha Virginia akacheka, kicheko chake kilekile cha siku zote. "Andika tu, mama. Fomu ni yako. Mimi kodi hiyo nitaikata wapi, kwenye sweta?"

Angegomba, Damaris angejua la kujibu. Kicheko kile hakikumwachia pa kushika.

Alirudi ndani. "Mstari wa kodi ya ardhi, weka sufuri."

"Watakukadiria zaidi."

"Wanikadirie."

Kenneth alimtazama kidogo. "Unaweza kumrudishia dada, halafu ukaandika kwa haki yako. Si wizi."

"Nitamrudishia. Ila miaka hiyo sikuwa nimemrudishia, na hapo ndipo sahihi yangu inakwenda."

Kenneth aliandika sufuri. Damaris akatia sahihi taratibu, herufi moja moja, jina la baba likiwa la mwisho.

Ofisi ya kutuma pesa ilikuwa ng'ambo ya barabara, na foleni ya Ijumaa ilifika mlangoni. Alipofika dirishani alisukuma akiba yote ya mwezi huo, aliyokuwa ameitenga kwa ajili ya mkopo. Haikutosha kufidia miaka mitatu, lakini ilikaribia. Yule bwana wa dirishani alimjua. Miaka saba alikuwa akimjazia nafasi ya sababu ya kutuma kabla hata hajajibu: msaada kwa familia. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuandika.

"Hapana, sir," Damaris alisema. Watu nyuma yake walikuwa karibu, na baadhi walikuwa wa kwao. Hakupunguza sauti. "Si msaada. Andika ni deni ninalolipa."